Chumba cha kulala si stoo ya maharage

Mwezi huu nina ushuhuda wa kutoa, na nautoa kwa aibu kidogo. Kwa miaka kadhaa nimekaa kwenye ukurasa huu nikiwashauri mtoe televisheni chumbani, mbadilishe mapazia, mfukize udi, mpendane. Muda wote huo chumba changu mwenyewe, huku Runazi, kilikuwa na magunia matatu ya maharage, mifuko miwili ya saruji iliyokwisha kuganda, baiskeli ya mtoto isiyo na tairi, na kuku.

Naam, kuku. Nitafika huko.

Kwa mliojiunga nasi karibuni, mume wangu ni mtu wa Runazi, wilaya ya Biharamulo mkoani Kagera. Tuliondoka Dar tukarudi kwao, yeye akaingia kwenye biashara ya mazao, mimi nikaendelea kuhariri gazeti hili kwa kompyuta na bando la simu, nikija mjini mara moja kwa mwezi kurasa zinapokwenda kuchapwa. Tunaishi kwenye nyumba tuliyoianza tukiwa bado wachumba. Mnaijua aina hiyo ya nyumba: mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, hela ikipatikana bati, ikikata mnahamia hivyo hivyo na madirisha ya mbao za muda. Kwenye ramani kulikuwa na masta, yaani chumba kikubwa chenye bafu na choo chake ndani. Kwenye ramani kila kitu kilikuwa kizuri.

Kwenye maisha, ile masta iligeuka mahali pa kuweka chochote kisicho na pa kukaa. Bafu lilikuwa na mlango na tundu la bomba sakafuni, basi. Hakuna choo, hakuna koki. Tukaweka mkaa mle. Siku moja kuku wa mama mkwe akaona pale penye kiroba cha mkaa pana giza na utulivu, akaanza kulalia mayai. Yaani kiumbe pekee aliyepata pumziko kwenye chumba changu alikuwa kuku.

Lakini si mkaa wala kuku vilivyonifanya niamke. Ni dari. Au niseme, kukosa dari. Kuta zetu za ndani ziliishia kwenye mkanda wa lenta, juu yake ni uwazi mmoja hadi kwenye bati, kutoka chumbani kwetu hadi kwa watoto hadi kwa mama mkwe. Ukikohoa usiku, mama anakwambia pole kutoka chumbani kwake. Mwanzoni nilicheka. Kisha nikagundua kwamba mimi na mzee wangu tumeacha kuongea. Mambo ya ada, ya unga, ya mgonjwa gani kalazwa, hayo tuliyaongea mchana. Yale ya watu wawili yalikosa mahali. Huwezi kumwambia mumeo kilichoko moyoni huku unajua mama yake yuko macho upande wa pili wa tofali.

Basi tukaanza kuandikiana. Msicheke. Mwanamke mwenye shahada ya mawasiliano, amelala kitanda kimoja na mumewe, anagombana naye kwa meseji! Wakubwa wangu wa kazi walikuwa wametaka nirudi Dar moja kwa moja, na jambo hilo nililijua wiki tatu bila kulisema. Usiku mmoja nikamwandikia, 'Tutaongea lini kuhusu Dar?' Simu yake ikawaka sentimita thelathini kutoka usoni pangu. Nikamwona anasoma. Akaandika, 'Kesho.' Akageukia ukutani. Kesho hiyo ilichukua miezi minne.

Ndipo nilipoamua tukarabati chumba. Nakiri sikuwa na mawazo ya maana sana, nilikuwa nataka kile chumba cha kwenye picha: kitanda cheupe, mishumaa, na bafu la kulalia, yale tunayoyaita jakuzi hata kama si jakuzi. Tulikuwa na akiba kidogo iliyotokana na mahindi. Mzee wangu aliitazama picha, akauliza swali moja tu, 'Maji?' Nikamnunia siku mbili.

Tuanze na kilichokuwa bure. Tulitoa vitu. Ilituchukua siku tatu, na kila kitu kilikuwa na wakili wake. Magunia ya maharage yalikwenda kwenye stoo ya nje juu ya chaga za mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, maana unyevu huoza nafaka na panya hufuata. Saruji iliyoganda ikawa ngazi ya jikoni. Kompyuta yangu ilihamia kona ya sebule, na hapo nililia kweli, kwa sababu nilizoea kuhariri nikiwa kitandani hadi saa saba usiku. Lakini ubongo hujifunza mahali. Ukizoea kupigana na kurasa kitandani, ukijilaza hapo hata bila kompyuta mwili unajiandaa kwa vita. Kilichobaki ndani ni kitanda chetu cha mninga cha sita kwa sita, kabati, na vimeza viwili vya kuwekea glasi ya maji. Tukakitazama chumba kitupu, mita nne kwa nne na nusu, tukashangaa kilivyo kikubwa.

Halafu dari. Hapa sikilizeni vizuri, maana wengi mtapoteza hela. Nilidhani ukipiga jipsamu kelele zimekwisha. Fundi, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, akaniambia sauti ni kama maji, hupanda juu ya ukuta na kushukia upande wa pili. Ubao mwembamba hauizuii sana. Kinachoizuia ni uzito. Kwa hiyo kabla ya dari alipandisha ukuta wa kati, tofali za kuchoma za hapa hapa, kutoka kwenye lenta hadi kwenye bati, akaziba na pembeni kwa lipu. Ndipo ikaja dari chini yake. Kwa chumba kama chetu ni mbao saba za jipsamu. Bafuni hatukuweka jipsamu ya kawaida kwa kuwa hunyonya mvuke ikavimba na kuota ukungu, tukatumia dari ya plastiki. Mlango nao tulibadilisha. Ule wa kwanza ulikuwa na mashimo ndani, ukiugonga unalia kama debe. Mlango mzito unaofunga hadi chini una thamani kuliko pazia la laki tatu, niamini.

Vifaa vingine vilitoka Kahama kupitia Nyakanazi, na marumaru tulizifuata Mwanza. Mkituuliza kwa nini mbali hivyo, jibu ni daraja. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile saa za kusubiri kivuko na mzigo wa vitu vya kuvunjika zimekwisha. Unavuka kilometa tatu za ziwa kabla redio haijamaliza taarifa ya habari.

Choo kilipofika kikiwa bado kwenye boksi lake, kiliwekwa barazani. Mama mkwe akatoka na fimbo yake, akakizunguka.

'Hiki ndo cha kuweka chumbani?'

'Ndiyo, mama.'

'Mtu anajisaidia pale pale anapolala?'

Nikaanza kumweleza, kwa adabu lakini pia kwa ujuaji wangu wa mjini. Kwamba harufu haitoki kwenye choo chenyewe, hutoka kwenye shimo, na kwamba ile kona ya bomba chini ya choo hubaki na maji daima, nayo ndiyo mlango unaoizuia. Kwamba shimo linahitaji bomba la hewa linalopanda kupita bati. Kwamba hata si mambo ya Wazungu. Pale Kilwa Kisiwani, kwenye jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, sultani alikuwa na bwawa lake la kuogea lenye pembe nane. Na kwenye nyumba za mawe za Lamu, vyumba vya ndani kabisa, vile vya wenye nyumba, vilikuwa na choo na mahali pa kuogea pembeni yake, na birika la maji ambamo walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Samaki bafuni, mama! Miaka mia na zaidi kabla ya sisi kuwaza jakuzi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, 'Sawa, mwanangu. Na mimi usiku naenda wapi?'

Nikanyamaza. Choo chetu cha nje kiko nyuma ya migomba, hatua hamsini hivi kutoka mlango wa jikoni, njia ya udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha.

'Novemba nilianguka kule,' akasema. 'Sikuwaambia. Mlikuwa mnaandikiana.'

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaeleza bila kupandisha sauti, kama anayetaja bei ya ndizi: anasikia simu zetu. Inalia ya upande huu, inatulia, inalia ya upande ule. Zamu kwa zamu, mpaka usiku wa manane. Hakujua tunaandika nini ila alijua watu wanaopendana hawaandikiani wakiwa wamelala pamoja. Usiku ule wa Novemba aliporudi na goti limechubuka, akatusikia tunaandikiana, akaona asituongezee.

Jamani. Nimewahi kuhudhuria mihadhara mingi ya mawasiliano. Hakuna iliyonikalisha chini kama ile.

Jioni nilimtafuta mzee wangu kwenye mizani yake ya mahindi, nikamweleza mbele ya vibarua, sikujali. Akakaa juu ya gunia. Tukarudia hesabu ya chumba. Bafu la kulalia likijazwa vizuri hunywa lita 150 hadi 200 kwa mtu mmoja kuoga mara moja. Simtanki letu ni la lita 2,000, maana yake ni mara kumi hadi kumi na tatu tu. Huku kwetu mvua zina misimu miwili, na kati ya Juni na Agosti mbingu hufunga kabisa, maji unanunua kwa dumu. Ningekuwa najilaza kwenye maji ambayo jirani angepikia wiki nzima. Swali lake la 'Maji?' lilikuwa limejibu kila kitu, nami nikamnunia bure.

Hela ya jakuzi ikajenga choo cha mama. Mama mkwe haingii chumbani kwa mwanawe aliyeoa, hilo hata kwetu Morogoro tunalijua, kwa hiyo kumwambia atumie cha kwetu kungekuwa dharau. Lakini ukuta wa nyuma wa bafu letu unapakana na korido iliyo mbele ya chumba chake. Fundi bomba akaweka mabafu mawili mgongo kwa mgongo: bomba moja la kuleta maji, moja la kutoa, shimo moja. Ukipanga hivyo gharama ya bafu la pili hushuka sana. Cha mama kina mlango mpana, chuma cha kushikilia ukutani, hakina kizingiti, na taa yake huwaka kutoka kitandani kwake. Shimo tulilichimba mbali na kisima, zaidi ya mita 30, upande wa chini wa mteremko. Maji ya kuogea yana bomba lake, yanakwenda kwenye migomba, na migomba imefurahi kuliko sote.

Nitaje na jambo hili haraka. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa hapa wilayani Biharamulo, ukatangazwa kwisha Machi 13 mwaka huo huo. Wenzetu kumi walipoteza maisha. Zile wiki tulinawa mikono hadi ngozi ikapauka, kwa ndoo na kata, na nani alikuwa na nguvu ya kutoka nje kuchota kila mara? Sinki la kunawia lenye maji ndani ya nyumba sikuliona tena kuwa pambo.

Bafu letu sasa lina bomba la mvua na nafasi ya kusimama watu wawili, basi. Msiniulize zaidi. Mambo niliyojifunza: sakafu ya bafu ishuke chini ya ile ya chumba kwa sentimita mbili tatu, na iwe na mteremko wa sentimita moja hadi mbili kila mita kuelekea kwenye tundu, la sivyo utakuwa unasukuma maji kwa ufagio kila asubuhi ya ndoa yako. Marumaru za bafuni ziwe zenye mikwaruzo. Fundi wetu wa marumaru alitaka zile zinazong'aa kama kioo, 'za kisasa, mama'. Nikamwambia za kisasa ataweka kwake.

Presha nayo ilinitesa. Maji ya tanki hupata nguvu kutokana na kimo tu: mita kumi ndiyo bar moja. Letu liko mita nne juu ya kichwa cha bomba, kwa hiyo yale mabomba ya mvua yenye vitundu vidogo kama chujio yalitoa machozi. Tukanunua lenye matundu makubwa, la bei nafuu, maji yanashuka kama mvua kweli. Maji ya moto tunayo kwa uchache. Ile hita ya papo kwa papo ya kilowati 5 hula uniti moja ya LUKU kwa dakika kumi na mbili, na asubuhi za Biharamulo zina baridi ya kukufanya usahau saa. Tumeweka kanuni ya wimbo mmoja: ukiisha, unatoka.

Chumbani tulipaka rangi ya maziwa, isipokuwa mita moja ya chini tuliyoipaka rangi ya udongo wenyewe, maana vumbi la huku litapaka hiyo rangi upende usipende. Kichwa cha kitanda hakiegemei ukuta wenye mabomba, ili mmoja akivuta maji usiku mwingine asiamke. Taa ya juu nyeupe tunaiwasha tukitafuta kilichopotea tu, usiku tunatumia mbili ndogo za mwanga wa manjano. Chandarua ni cha mraba, kimefungwa kwenye fremu ya mbao iliyoning'inizwa darini, kinashuka pande nne kama pazia. Huku malaria haitanii, hivyo ni kile chenye dawa, na kikifuliwa tunaanika kivulini jua lisiiue dawa. Watu wakikiona wanasema 'kitanda cha mfalme'. Chini ya miguu tuna mkeka. Majirani zetu Wahaya kwenye nyumba zao za msonge walitandaza nyasi sakafuni, na usiku wa kwanza nilipokanyaga ule mkeka badala ya saruji nilielewa walichokuwa wanakitafuta. Simu zinalala sebuleni, kwenye bakuli.

Mvua za Aprili zilitukuta tumeshahamia. Usiku wa pili ilinyesha ile ya kupiga bati hadi unahisi nyumba inatembea. Mzee wangu akazima taa.

'Haya,' akasema, 'sema.'

'Kwa sauti?'

'Kwa sauti.'

Ilinichukua muda. Nilikuwa nimezoea kufuta na kuandika upya. Nikamwambia naogopa nikibaki huku moja kwa moja nitasahaulika, nitakuwa yule mama wa kwenye simu ambaye mkutano unaendelea mtandao ukimkata. Akanyamaza, nikadhani kalala. Kisha akasema yeye anaogopa nikienda sitarudi, na kwamba lile 'kesho' aliliandika kwa sababu alidhani nimeshaamua, nataka tu kumpa taarifa. Miezi minne mtu amebeba hilo! Nikalia, akalia kidogo, tukagombana tena kidogo, safari hii kwa midomo. Upande wa pili wa ukuta hakuna aliyesema pole.

Hatukumaliza siku hiyo. Tulirudia kesho yake na siku iliyofuata. Tulichokubaliana, na wakubwa wangu wamekikubali, ni kwamba nitakaa Dar wiki mbili kila mwezi hadi Desemba, halafu tutazame. Mzee wangu hajaridhika sana, na mimi pia sijaridhika sana, lakini tunajua kila mmoja hajaridhika na nini.

Mama goti limepona. Kwa siku za mwanzo alikuwa anatoka nje kwenye choo cha zamani kwa mazoea, kisha mvua ikamrudisha. Sasa ana taulo lake, ndoo yake, na sabuni ambayo hataki mtu aiguse.

Kuku naye karudi juzi. Niliacha mlango wa bafu wazi nikienda kuanua nguo, nikamkuta kajikunja juu ya taulo mpya, zile nyeupe, anaangalia kama mimi ndiye mgeni. Nikamwita mama aje amchukue kuku wake. Akasimama mlangoni pa chumba, hakuvuka, akachungulia kwa mbali.

'Mayai mangapi?' akauliza.

'Matatu, mama.'

'Basi mwache kwanza.'